Kiti Kimoja

…na sasa amepiga magoti, Munyi, mume wangu, mtu mzima wa miaka sitini na mbili ndani ya suruali yake ya kanisani, amepiga magoti kwenye unga wa mbao katika karakana ya fundi hapa mjini Embu na anagonga mguu wa kiti kwa ufunguo wa nyumba yetu, ko, ko, ko, kama daktari anayegonga kifua cha mtoto mwenye nimonia, na mimi nimeketi ndani ya kiti chenyewe, hakuniambia niinuke wala hakuniambia nikae, anagonga tu, anazunguka nyuma, ko, ko, naisikia sauti ikipanda mpaka kwenye uti wangu wa mgongo, hii ni mbao gani, anauliza, na fundi, huyu Muthamia, Mmeru mwenye penseli nyuma ya sikio na utulivu wa mtu anayejua kazi yake, anamjibu hiyo ni muuru, mzee, imekaa kwa stoo yangu ikikauka miaka miwili, mimi sitengenezi kiti na mbao mbichi, na Munyi anasema ĩĩ, ile ĩĩ yake ndefu ya kutosadiki ambayo nimeisikia tangu mwaka wa sitini na nane, ĩĩ, na sponji je, ni ya unene gani, inchi nne mzee, ĩĩ, nne, na chini yake ni springi ama ni kamba za mpira, ni springi, naweza kufungua uone, fungua, anasema, fungua nione… na mimi je, nitafunguliwa pia, nitagongwa kwa ufunguo ijulikane kama nimekauka, kwa sababu nimekauka, Munyi, miaka thelathini na mitano nimesimama mbele ya ubao nikivuta vumbi la chaki, mishipa ya miguu yangu imevimba mpaka inaonekana juu ya soksi kama mizizi ya mugumo, na mwezi uliopita nimelipwa kiinua mgongo, jina lenyewe linajieleza, kiinua mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa unatafuta mahali pa kuegemea, basi nikasema, asubuhi ile tukinywa uji nyumbani Karurumo, nikasema nataka kununua kiti, kimoja, cha mikono, kipana, chenye mgongo mrefu, nikiweke karibu na dirisha, alasiri niwe nakaa hapo nikisoma gazeti, au hata nisisome, nitazame tu migomba, na Munyi akaliweka bakuli chini polepole kana kwamba nimemwambia nina ugonjwa, akasema kiti kimoja, Mama Wamuyu, nani hununua kiti kimoja, wageni wakija wataketi wapi.

Wageni. Viti vyetu sita vya sebuleni vyote ni vya wageni, vimevaa vitambaa vyeupe nilivyofuma kwa mkono wangu mwenyewe, vinawangoja wageni kama mabibi harusi, na mwenye nyumba anakaa jikoni kwenye kigoda, magoti yamegusa kidevu, anachambua maharagwe… elfu sita, anasema Muthamia, bei ni hiyo mzee, lakini tunaongea, na Munyi anacheka, si kicheko cha furaha, ni kile cha kumwonyesha muuzaji kwamba amesikia mzaha, elfu sita, fundi, Siakago kuna mtu ananipa seti nzima kwa elfu saba, viti vitano na meza ya katikati, na mbao nzuri vilevile, sasa wewe unataka elfu sita ya kiti kimoja, mwalimu umesikia, hebu piga hesabu. Piga hesabu, ananiambia mimi. Hesabu nimefundisha mimi, Munyi, nimewafundisha watoto ambao sasa ni mameneja wa benki, kama Munyi ana shilingi elfu saba na anataka viti vitano na meza, kila kiti ni shilingi ngapi, sawa, najua jibu, mtoto wa darasa la nne angejua jibu, lakini hakuna kitabu hata kimoja kati ya vile vyote nilivyobeba kwapani kilichowahi kuuliza, je, mke wa Munyi alitaka viti vingapi, na vinne vilivyobaki atavikalia na nini, ana makalio mangapi, Mungu nisamehe, lakini nimeudhika, nimeudhika mpaka meno yananiuma, na nisipouma haya meno nitasema jambo mbele ya huyu Mmeru ambaye hajatukosea lolote.

Na hivyo viti sita vyenyewe, tuvitaje vilikotoka, mwaka wa themanini na saba, tulikuwa tumepata malipo mazuri ya kahawa na nikadhani siku hiyohiyo tutanunua viti, tulikwenda Runyenjes tukaviona vizuri, vya rangi ya asali, nikaviketia, nikamtazama Munyi, naye akasema ni vizuri, lakini tuangalie kwingine, na hiyo kwingine ikachukua Jumamosi saba, naziambia nafsi zote zinisikilize, Jumamosi saba, Embu, Chuka, Siakago, tukarudi Embu, yeye na daftari lake dogo mkononi kwa sababu alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa na hawezi kuamini kitu kisichopimwa, mpaka tukapata vya bei ya chini kuliko vyote, tukavipakia kwenye pikapu, akapiga wimbo wa mluzi njia nzima, nusu ya bei, Mama Wamuyu, nusu ya bei ya vile vya Runyenjes, na baada ya miezi mitatu mbao ikaanza kupinda kwa sababu ilikuwa mbichi bado, Jumapili moja mke wa mchungaji akaketi na kikombe cha chai mkononi, mguu ukasema ta, mama wa watu akalala chali sakafuni chai yote kifuani, na Munyi, mnajua alifanya nini, alileta waya na koleo, aliufunga ule mguu kwa waya palepale wageni wakitazama, akasema sasa una nguvu kuliko mpya, na waya huo upo hadi leo, umerarua rinda langu la bluu na soksi zangu jozi tatu, lakini ukimuuliza atakuambia vile viti tulivipata kwa nusu ya bei.

…kwa hivyo kitambaa ni velveti ama ni ile ya kuiga, ni velveti mzee, shika, anashika, anaikuna kwa ukucha, kijani hii inaingia uchafu haraka, fundi, na Muthamia anasema rangi ni mama amechagua, na ni kweli, mimi ndiye niliyechagua, kijani, ile kijani iliyoiva kama majani ya chai baada ya mvua, nilipoingia tu niliona kiti hiki pale pembeni, nikakiendea, nikaketi kabla sijasalimia mtu, na mgongo wangu ukafika nyuma ukapokelewa, siwezi kueleza vingine, ukapokelewa, mikono ikalala juu ya mikono ya kiti, miguu ikagusa chini sawasawa, na kitu fulani kilichokuwa kimebanwa kati ya mabega yangu tangu sijui lini kikaachia, nikasikia machozi yakinijia, mimi, mwanamke mzima, kwenye duka la fundi, kwa sababu ya kuketi, na kabla hayajashuka nikasikia ko, ko, ko.

Na leo asubuhi tu, tuliposhuka pale steji, baridi hii ya Julai imetukaza vidole, nikasema Baba Wamuyu, tuingie hapa hotelini tupate chai ya moto na mandazi ndiyo tuende kwa fundi, akasema chai si tumekunywa nyumbani, majani ni yaleyale, mimi na wewe ndio tunayachuma, tukanunue maji ya moto na majani yetu wenyewe kwa bei mara kumi, nami nikatembea nyuma yake nikipuliza vidole, nikitazama watu ndani ya hoteli kupitia kioo chenye mvuke, mwanamke mmoja wa umri wangu, kikoi begani, ameshika kikombe kwa mikono miwili na hafanyi lolote, hazungumzi, ameshika tu kile kikombe, na nilimchukia, ndiyo, nilimchukia kwa muda wa hatua kama kumi, na nikamchukia Munyi hatua zote zilizobaki, kwa maana si chai, chai najua kuipika, ni kule kuketi mahali ambapo mtu mwingine amebeba sahani, mwanamume huyu hajui hilo, kwake chai ni majani na maji, nyama ni kilo, safari ni nauli, mke ni… sijui mke ni nini, sijawahi kuona mzani wake.

Lakini haya yote ningeyameza, chai, viti, waya, ningeyameza kama nilivyoyameza, lisilomezeka ni moja, na kila ninapokasirika lazima nifike hapo, ni kama mtoto na kidonda, ile siku ya maonyesho ya kilimo, mwaka wa sabini na nane, tulimchukua mama yangu, Maitu, Igoki, kutoka kijijini, alikuwa hajawahi kufika kwenye maonyesho, alivaa sweta yangu ya njano na viatu alivyoazima kwa jirani, vikubwa, amevijaza nyasi kavu kwenye ncha, na Wamuyu wetu, binti yangu, alikuwa wa miaka minane akimshika mkono, tukaona ng'ombe, tukaona nyuki kwenye kioo, na karibu na lango pakawa na mpiga picha ambaye ametundika pazia lililochorwa ndege, ndege kubwa nyeupe na ngazi yake, mtu anasimama pale chini ya ngazi anaonekana kama ndiyo kwanza ameshuka kutoka Ulaya, na Maitu akasimama, mama ambaye hakuwa akiomba kitu, mama ambaye ukimpa kipande cha nyama anauliza kama watoto wamekula, akasimama akaitazama ile ndege muda mrefu, akasema kwa Kiembu, taratibu, nami ningependa kupigwa hapo. Shilingi kumi. Na tukamwambia twende mbele kidogo, wapiga picha ni wengi, tutapata wa saba, tukaenda, tukatembea, tukazunguka, hapakuwa na mwingine mwenye ndege, mvua ikaja, ile mvua ya ghafla inayoshuka kutoka mlimani, watu wakakimbia, tuliporudi langoni pazia lilikuwa limekunjwa na mpiga picha ameondoka, na Maitu akasema haidhuru, picha ni karatasi tu, akavua vile viatu kwa sababu vimeloa, akavibeba mkononi mpaka kwenye gari. Na alipokufa, mwaka wa tisini na mmoja, tukatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, hatukupata ila ile ya kipande, ya kitambulisho, ndogo kama stempu, tukaipeleka ikuzwe na ilipokuzwa macho yake yakawa makubwa, yameshtuka, kama mtu aliyekamatwa akiiba, na Wamuyu ndiye aliyeibeba mbele ya watu wote akilia, na waombolezaji wakanong'onezana huyu ni Igoki kweli, hawakumtambua, mama yangu hakutambuliwa kwenye mazishi yake, kwa sababu ya shilingi tatu, kwa sababu ya Munyi, nimelisimulia hili mara ngapi, nimewasimulia akina mama wa chama cha kanisa, nimemsimulia Wamuyu mpaka akamwuliza baba yake siku ya Krismasi, kwa nini ulimnyima nyanya picha, na Munyi akainamisha kichwa akaendelea kula, hakujibu, anajibu nini mtu kama huyo…

…mwalimu, ananiita sasa, amesimama, anapangusa magoti, mwalimu mwambie fundi, wewe ndiye mwenye akili ya bei hapa, anamgeukia Muthamia, unajua fundi, huyu ndiye alinifundisha, mimi kijana nilikuwa mjinga kabisa, naona kitu nanunua, huyu akaniambia kitu cha kwanza ukionacho si cha kununua, ni cha kuulizia bei, si ulisema hivyo Mama Wamuyu, na wanacheka wote wawili, na mimi natabasamu kwa sababu uso umezoea kutabasamu, nasema ĩĩ, nilisema, na neno linatoka kinywani kabla sijalisikia.

Nilisema. Kitu cha kwanza ukionacho ni cha kuulizia bei. Ni maneno yangu, hata mdundo wake ni wangu, mdundo wa darasani, lakini hiyo ni kuhusu… ni kuhusu vitu vya kawaida, sufuria, jembe, sikusema kuhusu… ngoja, Nelius, najiambia, ngoja, tulia, rudi pale langoni, kuna pazia, kuna ndege, Maitu amesimama, viatu vya watu, Wamuyu anamshika mkono, na Munyi yuko wapi, Munyi yuko upande wangu wa kulia, amevaa kofia, na mkono wake… mkono wake uko mfukoni, unatoka, una noti ya shilingi kumi imekunjwa mara nne jinsi anavyokunja noti mpaka leo, anaifungua, na kuna mkono mwingine umeshika kifundo chake, una saa ndogo ya kike, ya mkanda mweusi, nilikuwa na saa hiyo, ni yangu, nilinunua kwa mwenzangu shuleni, na sauti inasema ngoja, Baba Wamuyu, usionekane mshamba, tembea mbele kidogo, huko ndani kuna wa saba. Si yeye. Si yeye kabisa. Munyi alikuwa ameshatoa pesa. Munyi kijana, mjinga kabisa, anayeona kitu na kununua, alimwona mama mkwe wake akitamani kitu na mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, na mimi nikaushika, nikaurudisha… na Krismasi ile aliinamisha kichwa, akaendelea kula, hakusema mbele ya mtoto kwamba ni mama yako, muulize mama yako, miaka yote hiyo amekaa na uongo wangu mdomoni kama mtu aliyeweka tumbaku, na hakuutema.

Nimeshika mikono ya kiti kwa nguvu, velveti inateleza chini ya viganja kwa jasho, na jasho lenyewe ni la hasira, ile ile, haijapungua hata chembe, ila imegeuka shingo na kunitazama mimi, kwa nini, mwanamke wewe, kwa nini, shilingi tatu zilikuwa zinakwenda wapi, hazikuwa za unga, hatukuwa na njaa, mwalimu na karani, tulikuwa na mshahara mara mbili, na najua kwa nini, ndilo linaloniumiza, najua na ninajua siku, ni mwaka wa sitini na tano, mshahara wangu wa kwanza kabisa, nilishuka hapa Embu peke yangu, nikaona koti dirishani, la bluu, vifungo vikubwa, bitana ya hariri ndani, nikaingia, nikalivaa, nikajitazama kwenye kioo cha mwenye duka nikaona mtu ambaye nilitaka kumjua, nikalipa shilingi sabini bila kuuliza, nikaenda nyumbani nimelivaa juani, natoka jasho na furaha, na jioni hiyo baba alikuwa na wenzake uani wanakunywa, mmoja akauliza bei, nikasema, akasema koti hilohilo mtaa wa pili ni arobaini na tano, na baba yangu akacheka, akaangusha kichwa nyuma akacheka, mwalimu wetu amenyolewa bila maji, akasema, na wote wakacheka, wanaume sita, na baba hakuwa mtu mbaya, alikuwa amepunjwa maisha yake yote, kila aliyemuuzia na kila aliyenunua kwake alimpunja, alifurahi tu kwamba leo kapunjwa mwingine, lakini nililivua lile koti nikalikunja nikaliweka ndani ya sanduku, na sikulivaa tena, hata siku moja, nondo walilila lote, sikulitoa hata kulianika, na tangu siku hiyo kila nikifungua mkoba nawasikia wale wanaume sita, nikinunua vitunguu wapo, nikinunua daftari wapo, nilimwoa Munyi, ndiyo, nasema nilimwoa, nikamchukua kijana mwenye mkono mwepesi wa kutoa nikamfundisha kusikia wanaume asiowajua wakimcheka, na akajifunza, maskini, akajifunza vizuri kuliko mimi, kama wanafunzi wazuri wanavyofanya, akaongeza na daftari.

Na koti lilikuwa zuri. Hilo hakuna aliyelisema, hata mimi. Lilikuwa na thamani ya shilingi sabini kwangu mimi wakati ule, mia moja ningelipa, na kama ningelivaa miaka kumi nani angekumbuka arobaini na tano, baba mwenyewe alisahau kesho yake, amelala kaburini hajui, wale wengine wamekufa wote, nimekuwa nikibembeleza bei ili nisichekwe na wafu.

…elfu tano na mia tano basi mzee, kwa sababu mmetoka mbali, chini ya hapo nitakuwa nimekufanyia kazi bure, anasema Muthamia, na Munyi ananitazama, ananikonyeza kwa jicho la kushoto, na najua, mwili wangu wote unajua, ndiyo saa ya mchezo wetu, huu hatujawahi kumwambia mtu, umri wote wa ndoa tunaucheza, Munyi akikonyeza mimi nasimama, napangusa sketi, nasema asante fundi, labda siku nyingine, natangulia mlangoni nikiwa na uso wa mtu aliyekwisha sahau, naye ananifuata nyuma polepole akiweka kofia, hatua moja, ya pili, ya tatu, na kabla ya kufika barabarani muuzaji anatuita, kila mara wanatuita, mzee rudi, rudi tuongee, na bei inashuka tena, na usiku tukiwa kitandani tunacheka, hilo pia ni kweli, nisiwe mwongo mara mbili siku moja, tumecheka sana kitandani juu ya mabeseni na mabati, yawezekana ndicho kitu tulichokifanya vizuri zaidi pamoja, na nikisimama sasa Muthamia atatuita, naona kwenye uso wake, ana kodi ya karakana mwisho wa mwezi, atatuita kwa elfu tano, labda hata elfu nne na mia nane, na kiti kitakuwa kilekile, mbao ileile, kijani ileile, na mimi nitakikalia miaka iliyobaki nikijua nilikipata kwa bei gani, nitawaeleza wageni, mnajua alitaka elfu sita, kila nikiegemea mgongo nitaegemea ile elfu moja tuliyompokonya mtu huyu, sitakuwa nimeketi kwenye kiti, nitakuwa nimeketi kwenye ushindi, na ushindi ni kitu kigumu, nimeukalia miaka thelathini na mitano, ninajua ugumu wake. Na kingine, nisijidanganye, hata leo, tangu tuingie, nikimlaani Munyi moyoni kwa kugonga na kukuna, sikio langu moja lilikuwa linangoja ashushe bei, nilitaka ashushe, nilimwacha apige magoti kwenye vumbi kwa niaba yangu ili mimi nibaki msafi wa velveti.

Munyi ameshavaa kofia. Amengoja kidogo, amekonyeza tena, akadhani sikuona, sasa ameamua kutangulia yeye, haya fundi, asante, anasema, tutaangalia kwingine, tutapitia Runyenjes, na anaelekea mlangoni, hatua moja, ya pili, mgongo wake umeinama kidogo upande wa kushoto, sijui umeanza lini kuinama hivyo, unga wa mbao umemganda magotini kama mtu aliyetoka kuungama, na Muthamia hamtazami yeye, ananitazama mimi, ameshika penseli, anangoja kuona kama mama atainuka, ninaijua hesabu inayopita kichwani mwake, na miguu yangu inataka kuinuka, imeshazoea, naisikia ikijikaza, vidole vimebonyea ndani ya viatu, uso wangu unajitayarisha kusahau… nakaa. Nasema na miguu kama nilivyokuwa nikisema na darasa la kwanza, kaa chini, nani amekwambia usimame. Unatii mmoja, unatii wa pili. Munyi amefika mlangoni, mwanga umemkata nusu, amegeuka kunitafuta nyuma yake mahali ambapo nimekuwa siku zote, mbele yake au nyuma yake, lakini njiani kila mara, na hanioni, na uso wake ni uso wa yule kijana, hana la kufanya na mikono yake, Mama Wamuyu, anasema, twende, na nyuma ya sauti yake bado nawasikia wale sita, hawajaondoka, pengine hawataondoka, wanangoja kujua ni shilingi ngapi, basi wangoje.

"Fundi," nasema, "elfu sita ulisema mara ya kwanza, ndiyo?"

"Nilisema, mama, lakini nimeshapunguza…"

"Mama Wamuyu," anaita Munyi, kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtu. "Twende tuangalie kwingine."

"Nenda uangalie, Baba Wamuyu," nasema. "Mimi nimeketi."